Kumweka mke mahabusu kisa mume hajapatikana, huu utaratibu umetoka sheria gani?

Wakuu naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Ijumaa jioni difenda la polisi limeingia mwaloni (pale mitumbwi inaposhushia samaki) hapa Mwanza linamtafuta bro wangu, mvuvi wa dagaa, tajiri mwenye mtumbwi kalalamika mashine (injini ya mtumbwi) imepotea na bro ndo alikuwa zamu usiku huo. Bro hayupo, yuko Ukerewe. Sasa badala ya kumfuata huko au kuacha wito, wamepanda mpaka nyumbani Kirumba wakambeba mkewe. Shemeji ana mtoto mchanga ananyonya! Nauliza kosa lake nini, afande ananijibu bila aibu, "mumewe akija huyu anatoka."

Yaani mtu mzima mwenye sare anakwambia wazi kabisa huyu hana kosa ila tunamshikilia.

Wikiendi nzima mtoto tulikuwa tunampeleka kituoni na bodaboda ananyonyeshwa hapo hapo kaunta, shemeji kasimama peku, maziwa yamejaa mpaka gauni limelowa kifuani, afande pembeni anasema malizeni haraka, halafu mtoto anatolewa mikononi analia na mama anarudishwa ndani. Nimeona kwa macho yangu na bado inanichoma.

Sasa tuje kwenye sheria maana watu wengi tunaburuzwa kwa kutojua. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20 (namba za vifungu natumia za toleo la 2022, sasa kuna toleo la 2023), kifungu cha 14 kinataja polisi anaweza kumkamata nani bila hati: anayefanya fujo mbele yake, anayemzuia kufanya kazi, anayekutwa na mali inayodhaniwa ya wizi, anayeshukiwa kwa sababu za msingi na mengine ya aina hiyo. Someni chote, mke wa mtuhumiwa hayumo, wala mama yake wala mdogo wake. Kosa analifanya mtu, halifanywi na ukoo. Na Katiba ibara ya 15 inasema hakuna kumkamata wala kumfungia mtu isipokuwa kwa utaratibu uliowekwa na sheria, basi wanionyeshe huo utaratibu wa kushika mke ili mume ajilete.

Kifungu cha 23 kinamtaka anayekukamata akwambie kosa unalokamatiwa. Shemeji hakuambiwa kosa maana halikuwepo la kumwambia. Kifungu cha 54 kinakupa haki ukiomba kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, yeye simu waliichukua mlangoni kabla hajavaa hata viatu, eti watafuatilia mume kampigia nani. Ukichukua kitu cha mtu kwenye upekuzi unatoa risiti inasainiwa na mashahidi, hatukupewa hata kikaratasi.

Halafu hii tabia ya kukamata Ijumaa jioni ndo inaniudhi kuliko yote, kila mtu hapa Mwanza anaijua, ukidakwa Ijumaa unaambiwa mahakama hakuna mpaka Jumatatu tulia. Kifungu cha 32 kinasema kama kosa sio zito na haiwezekani kukufikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo ANATAKIWA akuachie kwa dhamana. Kwahiyo mahakama kufungwa Jumamosi ndo sababu ya kukutoa, wao wanaifanya sababu ya kukulaza ndani. Na dhamana ni bure, jeshi lenyewe linatangaza kila siku, lakini sisi tuliambiwa tufikirie mafuta ya gari. Hatukutoa, na sijutii.

Kuna jamaa watasema polisi wana kazi ngumu, wezi wa mashine wametumaliza ziwani. Kweli, mashine ikiibiwa mtumbwi mzima unalala njaa na tajiri ana haki ya kulalamika. Ila huyo mwizi unamfunga kwa ushahidi. Mtuhumiwa mwenyewe ana muda wake wa kuhojiwa, saa 4 tangu awekwe chini ya ulinzi, wakitaka zaidi waongeze kwa utaratibu wa kifungu cha 51, na Mahakama ya Rufani imeshayatupa maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda huo. Yaani wakivunja utaratibu wanampa mwizi wa kweli mlango wa kutokea, na mwenye mashine anabaki hivyo hivyo.

Bro alivuka Jumatatu akajisalimisha akiwa na wakili. Shemeji kaachiwa muda huo huo, hakuna karatasi aliyosaini, hakuna maelezo aliyoandikisha, ukiuliza ni kama hajawahi kulala pale. Simu yake mpaka naandika hapa ipo kwao.

Sasa wanasheria mliopo humu, hasa wa huku Kanda ya Ziwa, naomba mnisaidie. Nianzie kwa RPC (kamanda wa polisi wa mkoa) au niende moja kwa moja Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora? Bila karatasi yoyote nitathibitishaje alilala ndani, mashahidi tuliokuwa tunampelekea mtoto tunatosha? Na aliyewahi kulalamika kwa kesi ya namna hii aseme alijibiwa nini na ilichukua muda gani, maana hili siliachi.