Tupeane uzoefu: mtaala mpya ulivyoingia shuleni kwenu (hasa shule za dini)

Mwl_KandaYaZiwa (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam.

Nafundisha sekondari ya kanisa huku Kanda ya Ziwa. Januari 2024 mtaala ulioboreshwa ulianza na awali, darasa la kwanza, la tatu na kidato cha kwanza wa mkondo wa amali (elimu ya ufundi). Tangu hapo nasikia mengi kuhusu sera na machache sana kuhusu darasa. Naomba uzi huu uwe wa darasani. Eleza ulichokiona wewe mwenyewe, uwe mwalimu, mzazi, mkuu wa shule au mlezi wa dini. Wa shule za serikali karibuni sana. Ila nina hamu kubwa ya kuwasikia wenzangu wa shule za Kiislamu na za Kikristo, kwa sababu sisi tunabeba mitaala miwili kichwani: ule wa Taasisi ya Elimu, na ule ambao waasisi walijengea shule.

Naanza mimi. Somo langu ni Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo ni la lazima na hata sekondari linafundishwa kwa Kiswahili. Jambo la lugha limenipa raha kubwa. Watoto waliokuwa wakiinamisha vichwa historia ilipofundishwa kwa Kiingereza sasa wananibishia, na wananibishia kwa hoja.

Tulipofika kwenye mada ya uadilifu, binti mmoja akauliza: anayepokea rushwa ametenda dhambi au amevunja sheria? Darasa langu lina Wakatoliki, Walutheri, Wasabato na Waislamu. Niliwapeleka kwanza kwenye sheria ya nchi, kisha kwa mgonjwa anayekosa huduma kwa sababu hana cha kutoa. Habari ya dhambi niliiachia kipindi cha dini, kila mmoja kwa mwalimu wa imani yake. Wapo wenzangu waliosema nimeachia nafasi ya kuinjilisha. Sikubaliani nao. Somo ni la taifa na mtihani wake ni wa taifa, na mzazi Mwislamu aliyetukabidhi mtoto ana haki ya kujua ni saa ngapi mwanawe anafundishwa uraia na ni saa ngapi tunasoma Biblia.

Nyie mnafanyaje?

Darasa_la_Tatu_Singida

Mwalimu, ahsante kwa uzi. Mimi ni shule ya msingi ya serikali, kijijini.

Kwetu mabadiliko yalionekana kwenye ratiba kabla ya kuonekana kwa mtoto. Uraia na Maadili, Maarifa ya Jamii, Stadi za Kazi, yote hayo majina yakaondoka darasa la tatu. Tukapata Jiografia na Mazingira, Sanaa na Michezo, na hiyo Historia ya Tanzania na Maadili. Vitabu vilitufikia kwa kuchelewa, kwa hiyo muhula wa kwanza tulipakua nakala kwenye simu na kuandika ubaoni. Kilichotuokoa ni jumuiya ya ujifunzaji. Chini ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) walimu tunakaa pamoja, mmoja anafundisha mada ngumu mbele ya wenzake, tunamkosoa kwa upendo. Mimi mafunzo ya siku chache ya ukumbini hayajawahi kunisaidia kama hayo.

Kuhusu dini: kipindi kipo kwenye ratiba, mwalimu wake hayupo. Tunamtegemea katekista na ustadhi wa kijiji, na wote wawili ni wakulima. Msimu wa kupalilia ukifika, watoto wanakaa tu. Taasisi za dini zikizungumza na serikali kuhusu mtaala huzungumzia vitabu na mihtasari. Naomba wazungumzie pia nani ataingia darasani.

Ustadhi_wa_Tanga

Asalaam alaykum, na salamu kwa wote.

Mwalimu wa Singida amesema kweli tupu. Mimi nipo sekondari ya Kiislamu, kwa hiyo walimu wa dini tunao. Shida yetu ni saa. Mwanafunzi wetu anasoma masomo yote ya taifa, anasoma Elimu ya Dini ya Kiislamu ambayo ina mtihani wa NECTA (Baraza la Mitihani la Taifa), anasoma Kiarabu, halafu kuna Kur'ani na fiqhi (sheria za Kiislamu) ambazo hazina cheti cha serikali lakini ndizo zilizomfanya mzazi alipe ada. Katikati ya mchana ipo swala ya adhuhuri, na Ijumaa ni siku fupi. Mkondo wa jumla, usio wa amali, ulipoanza na kidato cha kwanza mwaka 2025, Elimu ya Biashara ikawa ya lazima kwa kila mtoto. Baadhi ya walimu wetu waliona ni mzigo juu ya mzigo, wakapendekeza tupunguze fiqhi.

Nilipinga, na nashukuru nilisikilizwa. Nilikaa na mwalimu wa Biashara tukaweka mihtasari yetu mezani. Kwake kuna mtaji, mauzo, kumbukumbu za hesabu. Kwangu kwenye muamala kuna mkataba, amana, mizani, riba. Aya ndefu kuliko zote ndani ya Kur'ani, Baqara 282, inaamrisha deni liandikwe na liwe na mashahidi. Tukakubaliana wiki anayofundisha kumbukumbu za hesabu, mimi nafundisha aya hiyo. Hatukuongeza kipindi hata kimoja. Vijana wakaanza kuuliza maswali ya watu wazima: duka la mkopo la mtaani kwetu linafanya biashara au linakula riba? Simu inapokata ada ya kukopesha salio, tuseme nini? Mwalimu wa Biashara anajibu kwa hesabu, mimi kwa fiqhi, na pale tunapotofautiana hatuwafichi.

Kwenye Historia ya Tanzania na Maadili nina jambo moja, na nalisema kwa nia njema. Kitabu cha kiada ni kimoja kwa nchi nzima, na kitabu kimoja hakiwezi kubeba kila mtu. Watoto wetu wanataka kusikia pia habari za Bibi Titi Mohamed akiwahamasisha akina mama kujiunga na TANU, na za Sheikh Suleiman Takadir kwenye baraza la wazee. Mtaala huu unahimiza kazi mradi, kwa hiyo tukaitumia njia hiyo. Tuliwatuma wawahoji wazee wa mji wetu, waandike, walete majina na picha. Wazee wengine walilia kwa furaha ya kuulizwa. Mwalimu usisubiri kitabu kikutajie babu yako, mtume mwanafunzi akamhoji.

Kwa swali la mwanzisha mada: hata kwetu, ambako darasa zima ni Waislamu, naona ulivyofanya ni sawa. Mtoto wetu atakwenda kufanya kazi na Wagogo Waanglikana na Wachaga Walutheri. Lazima ajue kutetea uadilifu kwa lugha ambayo mwenzake pia anaielewa.

Mama_Wawili_Moro

Jamani, mimi si mwalimu, ila nina jambo na sijui wazazi wangapi wameligundua. Wanangu wamefuatana. Mwaka 2024 mkubwa aliingia darasa la nne, mdogo la tatu. Mkubwa yuko kwenye utaratibu wa zamani, anamaliza la saba 2027. Mdogo ndiye wa mtaala mpya, msingi wake ni miaka sita, na yeye anamaliza la sita mwaka huohuo 2027. Januari 2028 wote wawili wanatakiwa kidato cha kwanza!

Mimi na baba yao tumeanza kuweka akiba ya sare mbili, madaftari mara mbili, na nauli. Lakini kikubwa ni mkubwa, ambaye amenyong'onyea. Ananiuliza kwa nini asome mwaka mzima zaidi halafu akae dawati moja na mdogo wake. Naombeni mwenye hekima anisaidie maneno ya kumwambia. Na wenye shule, mmejiandaaje kupokea madarasa mawili kwa mara moja?

Mwalimu_Mstaafu

Nimesoma kwa makini. Niliingia darasani miaka ya 70, wakati wa Elimu ya Kujitegemea. Shule niliyopangiwa ilikuwa ya misheni kabla ya 1969, mwaka ambao serikali ilitaifisha shule za mashirika ya dini, za makanisa na za Waislamu. Jengo la kanisa liko palepale, mwalimu mkuu ni wa serikali, mapadre na masheikh wakakaribishwa kuja kufundisha vipindi vya dini. Tulilima, tulifuga, tulishika jembe na chaki kwa mkono uleule.

Nataka vijana wajue hivi: lile jembe halikufa kwa sababu wazo lilikuwa baya. Kwenye shule nyingi nilizopita, shamba liligeuka adhabu. Aliyechelewa namba analima. Mtoto akajifunza kwamba kazi ya mikono ni ya mkosaji. Sasa nasikia mkondo wa amali, na moyo wangu unafurahi, lakini ninaogopa kitu kilekile. Mkipeleka kwenye amali watoto waliofeli tu, mmeshaiua. Mtaala wa 2005 ulikuja na ujenzi wa umahiri, tukaendelea kukaririsha, kwa kuwa mtihani ulibaki unauliza ya kukariri. Tazameni mtihani utauliza nini, hapo ndipo mtajua mtaala halisi.

Sista_Ruvuma

Shikamoo Mzee wetu, na ahsante.

Ni mkuu wa shule ya wasichana ya shirika letu. Tulipoomba kuanza mkondo wa amali, baadhi ya wazazi walikuja juu. Wamelipa ada, wanataka daktari na mwanasheria, Sista anawaletea cherehani. Huku kwetu lakini tuna ushahidi wa karibu. Abasia ya Peramiho imekuwa na karakana kwa vizazi vingi, za useremala, ufundi chuma, uchapaji. Mafundi waliotoka pale wamejenga nusu ya nyumba ambazo wazazi hao wanakaa. Niliwauliza wazazi kwenye kikao: fundi wako alisoma wapi? Kelele zikapungua.

Uamuzi wetu ni huu: binti haingii amali kwa alama mbaya. Anaomba, anaandika kwa nini, na anaendelea na Hisabati na Kiingereza kama wenzake. Kwenye kundi la kwanza la ushonaji wapo mabinti ambao wangeweza kukaa popote. Gharama ndiyo inayotuumiza. Vitambaa, sindano, umeme, fundi mwenye sifa ya kufundisha, na kila mwanafunzi anahitaji mashine yake siku ya upimaji kwa vitendo. Shule binafsi hazipati ruzuku ya vifaa, na ada tukipandisha tunawafukuza walewale ambao mwanzilishi wetu aliwakusudia. Viongozi wa CSSC (tume ya makanisa ya huduma za jamii) na wa BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu) wangelipeleka hili serikalini kwa sauti moja lingesikika vizuri zaidi kuliko kila shule kuandika barua yake.

Skuli_Unguja

Kwetu Zanzibar elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano, tuna Taasisi yetu ya Elimu, na msingi wa miaka sita tulishauingia kwa sera ya 2006. Dini na Kiarabu ni masomo ya kawaida ya skuli, na mtoto jioni anakwenda chuoni (madrasa) vilevile. Nachosema kwa ndugu wa Bara: dini kuwa kwenye ratiba hakumwondolei mzazi kazi. Nina wanafunzi wanaopata alama za juu za Dini na nyumbani hawaamki alfajiri.

Gredi_Saba_Kilifi

Mimi ni mwalimu wa Kenya, naandika kwa ajili ya huyo mama wa Morogoro. Sisi tulipitia. Mfumo wetu wa umilisi ulianza kwa majaribio 2017, na darasa la kwanza la sekondari msingi likafika Januari 2023. Hadi mwishoni mwa 2022 nchi nzima ilikuwa bado inabishana watoto wakae wapi. Mwishowe wakawekwa kwenye shule za msingi, zisizo na maabara, na mwalimu mmoja akabeba masomo ambayo hakusomea. Mimi niliyesomea Kemia nilijikuta nafundisha na dini, na darasani nina watoto wa CRE (dini ya Kikristo) na wa IRE (dini ya Kiislamu) kwa wakati mmoja. Nyinyi mna muda. Ulizeni sasa, kwenye vikao vya wazazi, madarasa yanajengwa wapi na walimu wanatoka wapi. Msingoje 2027.

Mama_Wawili_Moro

Mwalimu wa Kilifi, ahsante, kesho kutwa tuna kikao na nitalisimamia. Sista, na wewe je? Mngempokea mkubwa wangu na mdogo wake pamoja?

Sista_Ruvuma

Mama, kama ni wasichana, waandikie maombi mapema wote wawili. Sisi tumepanga mikondo tofauti kwa ndugu wanaoingia pamoja, kila mmoja awe na darasa lake, mwalimu wake wa darasa na marafiki wake. Na huyo mkubwa mwambie kwamba mwaka wake wa saba unamfikisha kidato cha kwanza akiwa amekomaa zaidi, na sisi viranja tunawatafuta miongoni mwa hao.