Lile kanisa dogo la Wareno pale Malindi lilijengwa na nani?

Mwalimu wa Kondele, Kisumu
Hamjambo wenzangu. Ninafundisha historia katika shule ya upili, na muhula ujao tunatarajia kuwapeleka wanafunzi Malindi. Kuhusu lile kanisa lililoezekwa makuti, nimekuta maelezo yanayogongana: wapo wanaosema lilijengwa na Vasco da Gama, na wapo wanaomtaja mmisionari Francis Xavier. Ukweli ni upi? Tena, ilikuwaje Wareno wakaruhusiwa kujenga kanisa katika mji wa Waislamu?

Msomaji wa Lanet, Nakuru
Mwalimu, kwa maoni yangu hao wote wawili uwaweke kando. Da Gama alitia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498, akapewa rubani wa kumvusha hadi India; anayekumbukwa kwa ile nguzo yenye msalaba iliyo ufuoni ni yeye, na nadhani hapo ndipo watu wanapochanganya. Xavier naye alikuwa mpita njia, kwani alishuka mwaka 1542 akielekea Goa, akamzika mtu aliyefia merikebuni. Barua yake ndiyo inayotufaa zaidi: anasema kwamba Wareno waliofia mjini walikuwa na makaburi yenye misalaba, kwamba karibu na mji walikuwa wamesimamisha msalaba mkubwa wa mawe, na kwamba Waislamu walipendezwa na jinsi maziko yale yalivyofanywa. Mwislamu mmoja wa heshima alimlalamikia hata kwamba kati ya misikiti 17 ya mji ni mitatu tu iliyokuwa na waumini. Kwa hiyo wafanyabiashara wa Kireno, ambao ni Wakristo, walikuwa wamekwisha kulowea pale kabla yake, na yaelekea kanisa ni lao hao.

Mdau wa Kakamega
Kuhusu ruhusa, jibu liko Mombasa. Mfalme wa Malindi alikuwa na uhasama wa muda mrefu na Mombasa, akaona mgeni mwenye mizinga atamfaa. Lakini urafiki huo uliugharimu mji wake, kwa maana Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 walihamishia shughuli zao Mombasa, na mtawala wa Malindi akahamia huko pia, Malindi ikadorora.

Mwalimu wa Kondele, Kisumu
Nawashukuru sana, ndugu zangu. Basi nitawaanzishia wanafunzi kwenye nguzo, ndipo tuingie kanisani, na ile habari ya misikiti 17 nitawasomea papo hapo makaburini.