Pointi sawa lakini kila wiki nachapwa: hizi pointi za Bolt Action zinapima nini hasa?

KifaruMbovu:
Wakuu salaam. Niko huku Uingereza kimasomo, jamaa ninayeishi naye nyumba moja kanitia kwenye michezo ya vita vya mezani, ile ya kupaka rangi askari wadogo wa plastiki halafu mnapigana kwa tepu na dadu. Tunacheza Bolt Action (ya Vita vya Pili vya Dunia) toleo la pili, kila askari na silaha ina bei yake ya pointi, na kila mtu ananunua jeshi la pointi 1000. Mimi Mjerumani, nina kifaru kimoja, Tiger (395), luteni mzoefu (65), na vikosi vitatu vya watu kumi kumi, wote wazoefu kwa pointi 13 kichwa, kwa hiyo 390 hapo. Zilizobaki nimemalizia kwenye rashasha na panzerfaust (silaha ya begani ya kupigia vifaru). Mwenzangu ana Warusi, makuruta kibao wa pointi 7, halafu eti kitabu kinampa kikosi kingine cha makuruta 12 BURE. Tumecheza mara tisa nimeshinda moja, na hiyo moja jamaa alikuwa na mafua. Sasa kama pointi ni sawa mbona mimi ndo nachapwa? Au hizi pointi ni geresha tu?

Dadu_Sita:
Mkuu kabla ya kulaumu pointi hesabu dadu zako zilizo kwenye mfuko. Bolt Action kila kikosi kinaweka dadu moja, ikivutwa yako ndo unatoa amri moja. Wewe una luteni, vikosi vitatu na kifaru, jumla dadu TANO. Mwenzako bila shaka ana kumi au zaidi, kwa hiyo kila raundi anafanya mambo mara mbili yako, na wewe ukishamaliza zako tano unakaa unamtazama anavyokuzunguka.

Halafu hiyo Tiger. Tuseme kila raundi inafagia kikosi kizima cha makuruta 12, ambalo haliwezekani kirahisi hivyo, 12 mara 7 ni 84. Ili irudishe 395 zake inabidi ifagie karibu vikosi vitano, na mechi ni raundi sita. Na makuruta hawana haja ya kuipiga, bunduki zao haziifanyi kitu, wanaipita tu kama gari bovu barabarani wanaenda kukamata shabaha, yaani zile sehemu za meza zinazoleta ushindi.

Na wazoefu nao wana siri yao. Kumuua anataka dadu ya 5 kwenda juu badala ya 4 ya askari wa kawaida, hapo sawa, unamlipia 13 badala ya 10 na anadumu zaidi, biashara nzuri. Lakini akishika bunduki anapiga sawasawa na yule wa 10! Kwa pointi 260 unapata mitutu 20 ya wazoefu au 26 ya askari wa kawaida. Umenunua watu wagumu kufa, hukununua moto, halafu unawatuma kushambulia.

mtoto_wa_raskasone:
Mimi nitasema tofauti kidogo. Pointi zinapima vitu ukiviweka rafu ya duka, hazijui meza yako ikoje. Mnacheza uwanja wazi au mji wenye kuta? Tiger kwenye mji wa vichochoro ni hasara tupu.

Na mimi ni wa Tanga kwa hiyo mnivumilie, nina meza ya mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 nimeijenga mwenyewe, minazi ya waya, reli ya vijiti vya mishikaki. Waingereza walishusha watu kama 8000 hapo Ras Kasone, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na kama 1000 hivi, wengi wao askari Waafrika. Kwa hesabu ya vichwa hiyo mechi haichezwi. Na bado waliokuja na meli ndio waliorudi melini, wakaacha bunduki na marisasi ufukweni, na nyuki nao wakawashukia. Ila ukiangalia vizuri wengi wa hao waliokuja walikuwa wametoka safari ndefu ya bahari, baadhi ya vikosi havikuwa na mazoezi ya maana, wengine walipigana vizuri sana. Ukimpa kila mtu bei ileile umeharibu, ukiwapa baadhi bei ya kuruta inaanza kueleweka.

Mimi pale sisawazishi pointi kabisa, nasawazisha ushindi. Mwingereza lazima aushike mji kabla raundi hazijaisha, Mjerumani akiushikilia tu kashinda hata kama kabaki na watu wawili na nyuki.

Mama_Rangi:
Raskasone, njia yako hiyo inafaa kwa watu mnaojuana, kwa klabu ya watu baki utaleta ugomvi. Mnakumbuka Age of Sigmar, ule mchezo mwingine wa mezani, ilivyotoka 2015 bila pointi? Eti leta unachotaka mezani. Watu wakaanza kujitungia hesabu zao, wengine wanahesabu majeraha, wengine vichwa, kila klabu na dini yake. 2016 kikatoka kitabu chenye pointi, maana huwezi kupanga mechi na mtu usiyemjua kwa "tuelewane tu".

KifaruMbovu hicho kikosi cha bure ni pointi 84 kweli usijidanganye, ila na wewe rashasha za Mjerumani zinaongezewa risasi moja, unazo ngapi? Nyumbani mimi na mdogo wangu tunafanya kama tulivyogawana mkate utotoni, mmoja anakata mwingine anachagua. Yaani wewe panga majeshi YOTE MAWILI, halafu mwenzako achague lake. Utaona ghafla unavyokuwa mtu wa haki 😂

KifaruMbovu:
Dadu_Sita umeniumiza lakini asante, nimehesabu kweli jamaa ana kumi na moja. Mama_Rangi nina rashasha tatu tu. Ila Tiger siiachi jamani nimeipaka rangi wiki tatu, hadi kutu nimeiweka. Jumamosi tunabadilishana, yeye achukue Wajerumani wangu vilevile mimi Warusi wake, tuone nani mchawi.

Dadu_Sita:
Leta matokeo, usije ukapotea humu.

KifaruMbovu:
Haya nimerudi. Tiger yangu mikononi mwake kaiweka kwenye njia panda, haikusogea mechi nzima, kazi yake ilikuwa kunizuia nisikatize. Wazoefu wote kawaweka nyuma ya ukuta wa mawe na rashasha zao, mimi ndo nikawa naenda kwao na makuruta wangu kama kondoo. Dadu kumi na moja nilikuwa nazo, nusu nazitumia kuwainua waliolala kifudifudi. Raundi ya sita tukawa tumebishania shabaha ya mwisho, nilihitaji raundi moja tu zaidi, ukirusha dadu ya kuongeza inatakiwa 4 au zaidi. Ikatoka 3.

Mama_Rangi:
Kwa hiyo mchawi siyo pointi 😂😂

KifaruMbovu:
Wewe mama wewe. Jumamosi ijayo narudishiwa Wajerumani wangu, na huo ukuta wa mawe nauchukua mimi.