Ushauri: filamu fupi ya mwaka 1955, bajeti ndogo, nipige ya rangi au nyeusi na nyeupe?

BintiPangani:
Wakuu, habari za jioni. Mwezi ujao tunapiga filamu fupi ya dakika 12 hapa Pangani. Kisa ni cha 1955: mwanamke katoka bara kumfuata mumewe aliyekwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge. Tuna milioni mbili, na nguo, nauli na chakula vinakula karibu zote. Kamera ni Sony a6400 yenye lenzi mbili, ile ya kuvuta ya 16-50mm iliyokuja nayo na 50mm f/1.8 inayopokea mwanga mwingi.

Mchana, majengo ya zamani ya kando ya mto yapo na yanapendeza, lakini kila ukielekeza kamera unakuta waya wa umeme, dishi au bomba la plastiki. Usiku, nusu ya kisa inachezwa ndani kwa mwanga wa kibatari. Mhariri wetu anasema tupige tu, ataweka mikwaruzo na rangi ya kahawia ionekane ya kale. Mimi roho inakataa. Mnasemaje?

FundiMwanga:
Dada, mikwaruzo ikatae kabisa. Mwaka 1955 ulikuwa na jua lake na vumbi lake. Huyo mama hakuwa akiishi ndani ya picha iliyochakaa.

Kibatari peke yake hakitoshi, na ukipandisha sana ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) picha inajaa chengachenga. Kiache kionekane, halafu ficha taa ndogo ya LED nyuma ya mtungi, upande uleule wa moto, uifunike karatasi angavu ya rangi ya chungwa na uipunguze hadi ifanane na moto. Waiti balansi, yaani kipimo cha rangi ya mwanga, weka 3200K kwa mkono, usiiachie kamera. Mwigizaji mpake mafuta ya nazi kidogo usoni: ngozi nyeusi inapendeza kwa mng'ao unaopita pembeni mwa shavu, si kwa kumulikwa usoni. Na ndoo ya mchanga iwe karibu kama paa ni la makuti.

Kamera255:
Naunga mkono, ila mimi ningepiga nyeusi na nyeupe. Bluu ya bomba, rangi mpya ya ukuta, vyote vinazama. Wakati wa kuhariri, unapogeuza rangi kuwa nyeusi na nyeupe, pandisha nyekundu: ngozi inang'aa, anga linakuwa zito. Tafuta pia Helios 44-2 ya mtumba, lenzi ya Kisovieti ya 58mm, ina ulaini wa enzi zile.

Zuhura_Picha:
Helios nzuri, lakini kihisio cha a6400 (kile kinachopokea picha) ni kidogo, kinakata kingo, kwa hiyo hiyo 58 inaona kwa ufinyu kama 87. Kwenye chumba cha udongo utarudi nyuma hadi utoke mlangoni. Hata 50 yako inakuwa 75. Azima 35mm f/1.8 kwa siku za ndani.

Rangi nisingeitupa. Kaniki mbele ya ukuta wa chokaa, mkonge wa kijani kwa mbali, hapo umeshapewa picha bure. Ila S-Log3, mpangilio wa picha iliyopauka ya kutiwa rangi baadaye, iache: kamera hiyo inarekodi biti 8, yaani ngazi chache za rangi, na ukiivutavuta anga linakatika mistari. Tumia Cine4, mpangilio mwingine wa kamera hiyohiyo usiopauka sana.

Nyaya usipigane nazo. Kata fremu chini ya mapaa, piga ukiwa ndani ya mlango au barazani ili kingo zifiche mtaa. Asubuhi upande mmoja wa kichochoro uko kivulini. Mabomba yaache huko. Tripodi tu, gimbali (kishikio cha kutuliza kamera ukitembea) na droni ziacheni nyumbani. Na ndoo za plastiki zitoke, wekeni madebe.

BintiPangani:
Nitaazima hiyo 35, na rangi inabaki. Kuna bibi jirani ana karabai inayowaka bado. Niitumie badala ya kibatari?

FundiMwanga:
Dukani, ndiyo. Chumbani mwa mke wa manamba, hapana, asingekuwa nayo. Mwanga wake ni mkali na mweupe kuliko kibatari, kwa hiyo usiviweke pamoja kwenye fremu moja. Tena inavuma. Mkimaliza kupiga, izimeni na waigizaji warudie maneno papo hapo mrekodi sauti peke yake. Piga fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde, maana umeme wetu ni wa hezi 50 na balbu yoyote ya mtaani itakayoingia haitapepesa.