Nyasi za vipande au za kuchomeka? Bustani ya Raskazone, Tanga

Mwambao: Wakuu, eneo ni mita 8 kwa 6, mchanga mtupu, kona moja iko chini ya mwembe. Nataka pawe tambarare na maungio yasionekane. Nitandike vipande vilivyokatwa na udongo wake, au nichomeke vikonyo, yaani vipande vya mashina ya nyasi?

Fundi Bustani: Kwa vipande, agiza mita za mraba 51: eneo lako ni 48, hizo 3 zitaliwa na kukata pembeni. Ila unadhifu unaanzia chini. Tifua sentimita 15, toa magugu ya ndago pamoja na viazi vyake vya ardhini, maana ukiviacha vitachomoza kwenye maungio. Changanya mboji unene wa sentimita 5, mwagilia, kanyaga, kisha sawazisha kwa reki na ubao mrefu. Udongo ubaki chini ya ukingo wa njia kwa unene wa kipande.

Vuta uzi wa mwashi, anzia upande ulionyooka. Safu ya pili ianze na nusu kipande, kama tofali za ukuta. Sukuma vipande vibanane, usivivute: kilichovutwa husinyaa kikikauka, na ndiyo hiyo mistari watu wanayoilalamikia. Simama juu ya ubao. Kipande chembamba kikikaa ukingoni hukauka mapema. Kiingize ndani, kizima kikae nje.

Bi Chumbageni: Na visilale kwenye rundo. Kwa joto la Tanga vinachemka katikati na kugeuka njano. Vije asubuhi, viishe siku hiyohiyo.

Mzee Ukoka: Mfuko ukibana, chomeka masika. Kikonyo chenye vifundo 3 au 4, viwili viingie ardhini, nafasi sentimita 15. Ukoka utafunga kwa miezi miwili hivi, lakini palizi isilale. Chini ya mwembe usihangaike nao, weka nyasi za Pemba.

Fundi Bustani: Hapo kwenye kivuli nakubaliana na Mzee. Maji ya kisima yakiwa na chumvi, penye jua weka paspalamu, nyasi inayostahimili chumvi.

Mwambao: Yana chumvi kidogo. Basi vipande vya paspalamu penye jua, Pemba ya kuchomeka chini ya mwembe. Umwagiliaji je?

Bi Chumbageni: Vipande, mwagia kila safu kadiri unavyotandika, usingoje umalize eneo zima. Inua pembe moja: udongo wa chini uwe umelowa. Wiki 2 za kwanza asubuhi na alasiri. Pembe ikigoma kuinuka, mizizi imeshika. Hapo ndipo ukate nyasi, usizidishe theluthi ya urefu.