Istanbul mwezi wa kwanza na bi mkubwa, tujipangeje na baridi?

BintiTabata
Habari za saa hizi wakuu. Naomba msaada kwa wanaoijua Istanbul. Mimi na mama tunataka kwenda Januari, likizo yangu imeangukia hapo na tiketi nimeona iko chini sana kuliko ya Juni. Shida ni kwamba mama magoti yanamsumbua na baridi yake kubwa aliyowahi kukutana nayo ni ya Lushoto. Tuvae nini, tununue huku au kule? Na watu wananishauri tufike Cappadocia, kule bara ya Uturuki, tukapande puto lile kubwa la kuruka na watu, kipindi hicho inafaa kweli?

Mzigo_Laleli
Dada nendeni, mimi huwa naenda kuchukua nguo kule kipindi hicho hicho. Digrii zisikutishe, Januari inacheza kwenye 3 mpaka 9 hivi, theluji inaweza ikaanguka siku mbili tatu au usiione kabisa. Kinachotesa ni mvua na upepo, manyunyu yanaweza kushinda kutwa nzima halafu upepo wa baharini unakupiga usoni. Kwa hiyo angalia viatu kwanza kabla ya jaketi. Raba za kitambaa ziache nyumbani, tafuta buti isiyopitisha maji yenye soli ya kushika maana mawe ya barabarani pale Sultanahmet, mtaa wa kale wa mjini, yakilowa yanateleza vibaya, na kwa mtu wa magoti hiyo ndo hatari yenyewe. Majaketi mazito pita soko la Karume, ya mtumba yapo mazuri na bei iko chini. Ndani mvalishe nguo za kubana, juu sweta, halafu jaketi, akiingia dukani kwenye hita anapunguza. Bebeni na mafuta ya mgando, midomo inapasuka.

Kitu kingine, saa yao ni sawa na yetu ila mwanzoni mwa Januari jua linatoka karibu saa 2 na nusu asubuhi na kabla ya saa 12 jioni limeshazama. Msijisumbue kutoka alfajiri. Foleni za Topkapı, lile jumba la masultani, nazo zinakuwa fupi tofauti na kiangazi (Jumanne wanafunga lakini).

UmmuSalim_Mvita
Naongezea hapo kwa mama. Hoteli chukueni karibu na reli ya tramu ya T1, pale Sultanahmet au Sirkeci, msiende kulala Galata hata mkiona bei nzuri, vile vilima vitammaliza mama wa watu. Na kwenye pochi mwekee soksi kavu mbili, utakuwa wavua viatu kila msikiti na soksi ikishalowa mvua baridi yapanda mpaka kiunoni. Siku ya mvua kubwa ingieni Kapalıçarşı, soko lote lina paa (Jumapili lafungwa), au lile birika la chini ya ardhi la Yerebatan, ni la tangu karne ya 6 na lapendeza mno. Mkitaka kuvuka ng'ambo ya Üsküdar, kuna siku upepo wa kusini wavuma wakasimamisha feri, hapo tumieni treni ya Marmaray inayopita chini ya bahari kutoka Sirkeci. Na mnunulie salep, ni maziwa mazito ya moto yamenyunyiziwa mdalasini, atakushukuru.

Mzigo_Laleli
Cappadocia mimi ningeiacha. Ni baridi ya chini ya sifuri ile.

Kaskazi84
Hapo sikubaliani mkuu, ile miamba ya Cappadocia ikiwa na theluji juu yake sijaona kitu kizuri kama hicho. Ila dada elewa kwamba puto linaruka alfajiri na ruhusa wanaitoa mamlaka ya anga kulingana na upepo wa siku hiyo, kipindi cha baridi wanaghairi sana. Ukienda kwa usiku mmoja unaweza kurudi mikono mitupu. Weka usiku tatu, puto uliombe asubuhi ya kwanza kabisa, wakighairi unasogea ya pili. Na lile kapu huwa halina mlango, mtu anapanda kwa kukanyaga vishimo vya pembeni na wakati wa kutua mnachuchumaa, kwa hiyo magoti ya mama yafikirie.

BintiTabata
Asanteni sana jamani, hilo la kapu hakuna aliyewahi kuniambia. Basi mama atabaki chini anaangalia, mimi ndo nitapanda. Jumamosi naenda Karume kutafuta majaketi, hiyo buti nitafute dukani au hata ya mtumba inafaa?

Mzigo_Laleli
Buti nunua mpya. Ya mtumba gundi inakuwa imeshachoka, ikikutana na maji soli inaachia ukiwa barabarani. Na aanze kuivaa huku huku wiki mbili kabla, ilainike.