Waandishi wa muvi za enzi ya marufuku ya pombe, Izzy na Moe mmewaacha wapi?

Wakuu, nimetoka kuangalia muvi nyingine ya majambazi wa Marekani wa miaka ya 1920 na leo sinyamazi. Inatangazwa kuwa komedi ya mapolisi wawili. Mapolisi wenyewe ni majuha wa kuteleza kwenye ngazi, halafu jambazi ndiye anapewa suti kali, muziki mtamu na maneno yote ya maana. Nusu saa ya mwisho ni rashasha za Thompson tu, mpaka unasahau kuwa uliahidiwa kicheko.

Kinachoniuma ni kwamba askari wawili wa kuchekesha walikuwepo kweli! Marufuku ilianza Januari 1920. Mwaka huohuo Isidor Einstein, ndiye huyo Izzy, karani wa posta New York, mfupi na mnene, akaenda kuomba kazi ya kukamata wauza pombe. Wakamwambia hafanani na askari. Akawajibu hiyo ndiyo faida yenyewe. Baadaye akamvuta rafiki yake Moe Smith, mwenye duka la sigara, naye bonge vilevile.

Hebu angalieni kazi yao. Bila pombe mkononi hakuna kesi, na wenye baa bubu, yaani baa za siri, walikuwa wanaimwaga yote askari wakibisha tu hodi. Izzy akaweka faneli ndogo kwenye mfuko wa kizibao, imeungwa na mrija hadi kwenye chupa iliyofichwa ndani ya nguo. Ananunua glasi, anaonja kidogo, inayobaki inaingia mfukoni. Ushahidi huo! Waliwahi kujifanya wachimba kaburi, wavuvi, wapiga tromboni. Inasimuliwa kuwa usiku mmoja wa baridi Izzy alisimama nje mpaka akatetemeka kwelikweli, Moe akamburuta ndani ya baa akilia kwamba mtu wake anakufa, apewe chochote cha kunywa. Muuzaji akamhurumia, akammiminia. Akakamatwa.

Sasa niambieni, mwandishi anayekosa muvi hapo anatafuta nini? Umecheka, na papo hapo unamwonea huruma yule muuzaji aliyeponzwa na moyo wake mzuri. Hiyo ina uzito kuliko maiti ishirini za kwenye gereji.

Na msiniambie eti bila Al Capone, yule jambazi wa pombe wa Chicago, hakuna stori. Capone mwenyewe alifungwa miaka 11 mwaka 1931 kwa kukwepa kodi, kazi ya watu wa mahesabu, lakini kila muvi inatuletea mitutu. Izzy na Moe wanahesabiwa kukamata watu 4,932, na karibu wote wakatiwa hatiani. Novemba 1925 wakaachishwa kazi. Wakubwa walishachoka kuona magazeti yanawaandika wao kila siku. Wakaingia kwenye kuuza bima, na baadhi ya wateja wao wakawa watu walewale ambao wao wenyewe waliwahi kuwakamata!

Najua kuna atakayenitajia ile muvi yao ya televisheni ya 1985, waliyoigiza Jackie Gleason na Art Carney. Sawa, ipo. Ndiyo hiyo hiyo kila siku, huku Capone anaigizwa upya kila kukicha. Waandishi waache uvivu. Na wale wanaosema "ni burudani tu mkuu", waje hapa wanieleze burudani iko wapi kwenye askari asiye na akili hata moja.